Mia mbili ya denti inalipwa na nani?

Leo naombeni mnivumilie, maana nitaudhi wengi, hasa wenzangu wa hapa chuoni.

Wiki hii kwenye vimbweta kuna karatasi inazunguka. Ukurasa wa kwanza na wa pili umeshajaa sahihi. Inadai kwamba sisi wanafunzi wa vyuo vya Moshi nasi tutozwe nauli ya mwanafunzi kwenye daladala, yaani ile ile shilingi 200 wanayolipa watoto wa shule, mradi mtu aonyeshe kitambulisho. Imenifikia mara mbili, na mara zote mbili nimeipitisha kwa jirani bila kuweka sahihi. CR wetu akaniuliza mbele za watu kama siku hizi mimi nina gari. Sina gari mkuu, nina viatu, na soli ya kushoto imeshaanza kuongea. Sijasaini kwa sababu ile karatasi imeuliza swali dogo, tulipe shilingi ngapi, halafu swali kubwa ikaliruka: ile tofauti nani anailipa?

Kwanza tukubaliane kwenye yale ambayo karatasi imesema kweli, msije mkasema mimi nimenunuliwa. Nauli inatumaliza. Kwa nauli zilizotangazwa na LATRA Desemba 2023, daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600. Hosteli hazitutoshi, kwa hiyo wengi tumepanga mageto huku mitaani. Mimi gari la kwanza linanitoa Shirimatunda hadi mjini, la pili linanifikisha chuo. Kwenda na kurudi ni 2,400. Zidisha kwa siku tano za wiki, halafu kwa wiki 17 za muhula, unapata 204,000. Hiyo ni hela ya kodi ya chumba kwa miezi kadhaa, inaishia mkononi mwa konda kidogo kidogo bila hata wewe kushtuka. Bumu nalo, kwa mwenye bahati ya kupata fungu kamili, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Hiyo ni ya chakula na malazi. Ukitoa nauli, karibu robo imekwenda hujanunua hata chapati. Na asiyepata mkopo kabisa? Huyo mwachieni Mungu na miguu yake.

Hebu chukua orodha ya vitu ambavyo Bodi ya Mikopo inakopesha, uisome taratibu. Chakula na malazi, ada, vitabu na viandikio, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti, mafunzo kwa vitendo. Umeona nauli? Haimo. Wengine wanadhani imesahaulika. Haikusahaulika jamani, ilitolewa.

Wazee wetu waliosoma miaka ya 1970 wakianza kusimulia habari za waranti sisi tunacheka, tunaona ni hadithi za sungura. Lakini ilikuwa kweli. Mtoto wa Rombo alikuwa akichaguliwa kwenda sekondari ya bweni Tabora, anapewa hati ya Serikali, anaionyesha stesheni, anapanda treni. Shirika la reli halikupata hasara, maana nyuma ya ile karatasi alikuwepo mtu wa kulipa, na mtu huyo ni Serikali. Baadaye hali ya uchumi ikawa mbaya, ikaja sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu. Ilitangazwa 1988, na awamu ya kwanza ikaanza mwaka wa masomo 1992/93. Mnajua vitu vya kwanza kabisa alivyobebeshwa mwanafunzi na mzazi wake? Ada ilikuja baadaye. Chakula na malazi vilifuata mwaka uliofuata. Awamu ya kwanza ilikuwa ada za fomu na usajili, fedha ya tahadhari, mchango wa serikali ya wanafunzi, na nauli ya kwenda na kurudi chuoni! Nauli ilikuwa kwenye mzigo wa kwanza kabisa kushushwa mgongoni mwa Serikali. Zaidi ya miaka 30 imepita, mikopo imekuja, Bodi imeundwa kwa sheria ya mwaka 2004, lakini mzigo ule haujawahi kuokotwa tena.

Kwa hiyo madai ni ya haki. Kinachonishinda ni anuani yake. Tunamdai konda!

Sasa twende kwenye mia mbili yenyewe, maana hapa ndipo penye siri. Mwaka 2013 SUMATRA walipopandisha nauli, mtu mzima alitoka 300 akaenda 400, na mwanafunzi akatoka 150 akaenda 200. Denti alikuwa analipa nusu. Mei 2022 LATRA, waliorithi kazi hiyo, wakapandisha mtu mzima hadi 500. Mwanafunzi akabaki 200. Desemba 2023 mtu mzima 600, mwanafunzi akabaki tena 200. Watu tulipiga makofi, tukasema Serikali inajali watoto. Hebu geuza shilingi uangalie upande wa pili. Mwaka 2013 denti mmoja akikaa kwenye kiti, konda anapoteza 200. Mwaka 2022 anapoteza 300. Baada ya Desemba 2023 anapoteza 400. Kila nauli inapopanda kwa sababu mafuta yamepanda, mtoto wa shule anazidi kuwa ghali kwa mwenye gari. Nauli yake haijaongezwa hata senti, ila chuki dhidi yake ndiyo imepandishwa mara mbili.

Konda na dereva wetu hawana mshahara wa maana, wengi hawana hata mkataba. Wana hesabu ya tajiri. Asubuhi gari linatoka, jioni tajiri anataka hela yake kamili, mafuta juu yao, kinachobaki ndiyo ugali wa nyumbani. Tajiri hakuulizi umebeba madenti wangapi. Chukua kihaisi kimoja, madenti watano ndani. Ni 2,000 imepotea kwa safari moja. Safari tatu za asubuhi, 6,000. Hiyo 6,000 haitoki Wizara ya Elimu wala hazina. Haitoki hata mfukoni kwa tajiri. Inatoka kwenye ugali wa yule kijana anayening'inia mlangoni, ambaye pengine naye ana mtoto anasoma shule ya msingi, na mtoto huyo naye amekataliwa gari asubuhi hiyo hiyo na konda mwingine.

Ndiyo maana mnasikia "wawili tu, madenti wawili tu!" Kumkataa mwanafunzi ni kosa, kanuni ziko wazi, trafiki anajua, konda anajua. Lakini kanuni haiji kuongeza mafuta kwenye tangi. Siwatetei makonda, mimi mwenyewe nimetukanwa sana na makonda wa mji huu, hadi ukoo wangu wanaufahamu. Ninachosema ni kwamba ukimwamuru maskini mmoja amsaidie maskini mwingine kila asubuhi bila kumrudishia kitu, utapata ugomvi mlangoni mwa gari. Hutapata huruma hata ukitunga kanuni mia.

Anayeumia ni nani? Tokeni siku moja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, masika haya, mje msimame barabarani huku kwetu. Mtawaona wamejipanga, sweta zimelowa, begi limefunikwa na mfuko wa rambo ili madaftari yasilowe. Gari la kwanza linapita bila kusimama, dereva anaangalia mbele kama hawaoni. La pili linasimama mita 50 mbele, watu wazima wanapanda, watoto wanakimbia na matope, wakifika mlango umefungwa. La tatu linabeba wawili wale wakubwa wenye mbavu. Mdogo wa darasa la tatu anabaki. Akifika shule saa mbili anakutana na fimbo ya kuchelewa. Yaani mtoto anachapwa kwa kosa la LATRA, la tajiri, la konda na la hazina, yote kwa pamoja.

Halafu kuna lile ambalo kila mzazi wa mtaa huu analijua na hakuna anayetaka kulisema kwa sauti. Msichana wa kidato cha pili ameachwa na magari manne. Anakuja kijana wa bodaboda, anamwambia panda nikusogeze, bure. Kesho tena bure. Keshokutwa bure. Wadau, hakuna bure ya namna hiyo. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi shule, na mimi nilifurahi sana. Lakini tunamfungulia mlango wa kurudi shuleni, na ule mlango wa daladala ambao ungemfikisha salama tangu mwanzo unafungwa mbele ya uso wake kila asubuhi, kisa shilingi 400.

Sasa rudini kwenye karatasi yetu. Tunataka watu wazima wenye ndevu, maelfu yetu kwenye mji mdogo kama Moshi, tuingie kwenye foleni hiyo hiyo na kitambulisho mkononi, tudai mia mbili hiyo hiyo kutoka kwa konda huyo huyo. Mnadhani nani atasukumwa nje? Sisi tuna mabega. Sisi tunajua kubishana, tunajua kunukuu kanuni, tutamtishia konda mpaka atubebe. Zile nafasi mbili za madenti tutazichukua sisi. Yule wa darasa la tatu hatakuwa anasubiri gari la nne tena, atasubiri la tisa. Kwa hiyo sisaini, na ukinikuta kwenye kimbweta nitakwambia hivyo hivyo.

Najua mtasema, basi wewe mwenzetu unataka tufanye nini, tukae kimya? Hapana. Nataka tudai kikubwa zaidi, na tudai kwa mwenye uwezo wa kulipa.

Mosi, watoto wa shule kwanza. Tofauti ile ya 400 ilipwe na Serikali. Haiwezekani? Kama tuliweza kufuta ada za shule, kuanzia elimu bila malipo hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022, basi tumeshakubali kwamba elimu ya mtoto ni jukumu la umma. Sasa elimu bila malipo ambayo mtoto haifikii kwa sababu ameachwa kituoni ni elimu gani? Siku konda atakapojua kwamba kila denti aliyebebwa na kuhesabiwa anarudishiwa tofauti yake, utamsikia anaita "madenti njooni, kuna nafasi!" Njia ya kuhesabu itafutwe. Wakati wa waranti karatasi na muhuri vilitosha, leo kila konda ana simu ya kupokelea pesa.

Pili, Serikali ianze na magari yake yenyewe. Hapa nazungumzia reli. Shirika la Reli ni la umma, halina tajiri anayesubiri hesabu ya jioni. Treni ya abiria iliacha kuja Moshi miaka ya 1990, ikarudi Desemba 2019, na mji mzima ulikwenda stesheni kuishangaa. Daraja la tatu kutoka Dar ilikuwa 16,500. Watu wa kipato cha chini walishukuru sana. Kisha ikaja treni ya umeme, Dar hadi Morogoro Juni 2024, Dodoma Julai mwaka huo huo. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa 13,000 kufika Morogoro na 31,000 kufika Dodoma. Mtoto chini ya miaka minne bure, wa miaka minne hadi 12 nusu nauli. Vizuri kabisa. Ila kwenye tangazo lile la nauli mwanafunzi wa chuo hakuwepo, na reli hiyo hiyo inapita Morogoro penye Sokoine na Mzumbe, inakwenda Dodoma penye UDOM! Kama kuna njia nchini iliyojaa wanafunzi ni hiyo.

Na kiti cha treni si kama kiti cha kihaisi. Kihaisi hakitoki stendi mpaka kijae. Treni ina saa yake, saa ikifika inaondoka hata kama behewa lina watu kumi. Kiti kilichoondoka kitupu hakiuziki tena kesho. Mwanafunzi akikaa hapo kwa nusu nauli, shirika limepata nusu ambayo lisingeipata. Wapange siku, Jumanne na Jumatano kwa mfano, sio Ijumaa jioni. Sisi tutapanga ratiba zetu, njaa imetufundisha kupanga.

Tatu, mabasi ya Desemba. Hili linahitaji mtu wa Kilimanjaro kulielewa. Kila Desemba Wachagga wanapanda nyumbani, mabasi kutoka Dar yanajaa hadi kwenye ngazi, LATRA wanahangaika stendi na wanaopandisha nauli kinyemela. Lakini mabasi hayo yakishashusha watu hapa Moshi yanarudi Dar na nani? Siku za kabla ya Krismasi yanashuka na viti vitupu kwenda kufuata wengine. Na sisi wa kutoka Mtwara, Lindi, Pwani na Morogoro wakati huo ndio tunashuka. Tunakwenda kinyume na msafara! Punguzo hapo halimgharimu tajiri wa basi kitu. Linahitaji serikali ya wanafunzi ipige simu Novemba, iseme tuna watu 200 wa tarehe fulani, bei gani? Hakuna aliyewahi kupiga. Tunasubiri kila mtu aende stendi na begi lake akabanwe peke yake na wapiga debe.

Nne, na hili ndilo letu la nauli za kila siku. Wenzetu Ujerumani wana kitu kinaitwa Semesterticket. Wakati wa kujisajili kila mwanafunzi analipa mchango wa usafiri, wote, anayepanda na asiyepanda, halafu kampuni za usafiri zinapewa fungu hilo na mwanafunzi anapanda muhula mzima. Tangu 2024 kuna hadi tiketi ya wanafunzi ya usafiri wa nchi nzima, kwa asilimia 60 ya bei ya watu wengine. Si ukarimu wa dereva huo. Dereva ameshalipwa.

Mtaniambia hapa sio Ujerumani. Kweli, hapa ni Moshi, na kama kuna mji Afrika Mashariki ambao haukutakiwa kufundishwa jambo hili na Mjerumani ni huu. Hapa wakulima wa kahawa walianza kujikusanya mwaka 1925, na KNCU ikafuata miaka michache baadaye, kwa sababu waligundua kwamba mtu mmoja na debe lake la kahawa mbele ya mnunuzi ni mteja wa kuonewa, lakini mlima mzima ukiuza pamoja mnunuzi anavua kofia. Jengo lao lipo mjini tunapita mbele yake kila siku tukienda kubishana na konda mmoja mmoja. Hesabu ni rahisi. Tuseme tuwe wanafunzi 1,000 tu, kila mmoja atoe 100,000 kwa muhula, chini ya nusu ya ile 204,000 yangu. Ni milioni 100 mkononi kabla muhula haujaanza. Mpeleke hiyo hesabu kwa chama cha wenye magari muone kama hamtakaribishwa soda. Gari za asubuhi na jioni, kwa mkataba, zinazopita mitaa tunayoishi, na viti vya daladala za kawaida tunawaachia watoto wa shule. Muhula wa kwanza patakuwa na kasheshe, najua. Kuna watakaosema mbona mimi natembea kwa miguu nami nalipa. Wanaopewa sehemu ya gharama wanaweza kuchangia kidogo zaidi, wasio na mkopo kidogo zaidi ya kidogo. Mambo ya kuzungumza hayo.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Jirani yangu hapa ni kijana wa gereji, umri wangu, fundi msaidizi. Kila siku anapanda gari lile lile na analipa 600 bila punguzo, na siku nyingine hajapata hata 5,000. Kwa nini mimi ninayesomea kuja kumzidi kipato nipunguziwe na yeye asipunguziwe? Sina jibu tamu. Jibu nililonalo ni kwamba ndiyo maana punguzo letu tulitafute kwa kununua kwa pamoja na kwa viti vitupu vya treni na mabasi, pasipomnyang'anya mtu. Siku fundi naye akiunganisha wenzake wa gereji, apate bei hiyo hiyo. Lakini fedha ya umma, kama ipo ya kutosha kumsaidia mmoja tu, iende kwa yule wa sweta iliyolowa.

CR, ukiisoma hii, karatasi yako ina kurasa nyuma hazijaandikwa kitu. Andika hayo manne, juu weka majina ya wanaotakiwa kulipa, yaani Wizara, Shirika la Reli na sisi wenyewe. Futa jina la konda. Ukishafanya hivyo niletee, nitasaini wa kwanza, na nitaizungusha mwenyewe Shirimatunda nzima hadi kwa wale mwaka wa kwanza wasiofungua mlango.

Haya, test ya Jumatatu inanisubiri. Maoni yenu nayapokea, matusi pia, ila yawe ya kistaarabu.